Sola kwa Mstaafu: Piga Hesabu ya Uniti Kabla Hujagusa Kiinua Mgongo

Umestaafu, mafao yameingia benki, na tayari kuna mtu amekuja na karatasi ya bei: paneli, inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), betri, jumla milioni kadhaa, "na bili unaisahau." Swali lako ni moja tu: pesa hii itarudi, au ndiyo imekwenda?

Kwa nyumba iliyounganishwa na TANESCO, jibu linakaa kwenye tarifu yako, yaani kundi la bei ya umeme uliloandikishwa, kuliko kwenye jua. Mwenye tarifu ya chini harudishi pesa yake hata afunge vifaa bora kuliko vyote mjini. Mwenye tarifu ya juu anaweza kuirudisha, lakini kwa mfumo mdogo kuliko ule aliouziwa kwenye karatasi, na mara nyingi bila betri. Hatua zilizo hapa chini zinakuonyesha uko upande gani, na kama uko upande unaolipa, ufunge nini na ukatae nini.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar umeme ni wa ZECO na bei zake ni zake. Njia ya hesabu haibadiliki, weka tu bei ya huko. Na kama nyumba yako ya kustaafia iko shambani ambako nguzo haijafika, usihangaike na hesabu ya kulinganisha. Huko sola inashindana na jenereta ndogo ya petroli, ambayo kwa lita moja hukupa uniti mbili hivi au pungufu. Petroli ikiwa shilingi 2,800 kwa lita, kila uniti inakugharimu zaidi ya 1,400. Sola inashinda asubuhi na mapema.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Risiti za LUKU za miezi 6 au zaidi (zimo kwenye simu, tafuta ujumbe wa tokeni)
- Daftari na kalamu, na wiki mbili za subira
- Futi ya kupimia, ya mita 5
- Bei ya maandishi kutoka kwa mafundi watatu, kila kifaa na bei yake, si jumla tupu
- Kikokotoo cha simu

Hatua ya 1: Jua uko tarifu gani

Chukua risiti ya manunuzi ya pili au ya tatu katika mwezi. Usichukue ya kwanza, kwa sababu hiyo hukatwa kodi ya jengo na itakupotosha. Gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata.

Ikiwa 5,000 ilikupa uniti kama 41, uko D1, tarifu ya matumizi madogo ya nyumbani: shilingi 100 kwa uniti, na ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1 inakuwa 122. Bei hiyo ni ya uniti 75 za kwanza kwa mwezi. Ukizivuka, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato, yaani 427.

Ikiwa 5,000 ilikupa uniti 14, uko T1: shilingi 292, na makato inakuwa 356. Hapa hakuna punguzo la uniti za mwanzo.

Pengo hilo, 122 kwa 356, ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 2: Ukiwa D1, simama hapa

Nyumba ya D1 inayotumia uniti 70 kwa mwezi hulipa 8,540. Hata kama sola ya milioni 2.5 ingefuta bili yote (na bila betri haiwezi), ingehitaji miezi 292 kujilipa. Hiyo ni miaka 24. Inverta yenyewe haifiki huko.

Kwa hiyo ukiwa D1 usifunge sola kwa nia ya kuokoa pesa. Kama shida yako ni umeme kukatika, ruka hadi hatua ya 7.

Hatua ya 3: Pima matumizi ya mchana na ya usiku

Hapa ndipo mstaafu ana faida ambayo mfanyakazi hana: yuko nyumbani jua likiwa juu. Sola isiyo na betri inalipa kwa umeme unaotumika saa ileile unapozalishwa, basi.

Kwa siku 14, soma uniti zilizobaki kwenye mita saa 2 asubuhi na tena saa 11 jioni. Andika. Tofauti ya asubuhi hadi jioni ni matumizi ya mchana. Ya jioni hadi asubuhi ni ya usiku. Ukinunua umeme katikati, ongeza uniti ulizoingiza. Kama kuna mpangaji anayekula LUKU hiyohiyo, mhesabu naye, na jiulize akihama itakuwaje.

Kisha tazama ni kipi unaweza kukihamishia mchana bila kujitesa. Pasi (wati 1,000 hadi 1,200), pampu ya kujaza tangi, mashine ya kufulia, jiko la presha la umeme la kuchemshia maharage: vyote vinaweza kufanya kazi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Friji huwezi kuihamisha. Ya kawaida hula uniti 1 hadi 1.2 kwa siku, nusu yake mchana.

Hatua ya 4: Punguza kabla ya kuzalisha

Watu huiruka hatua hii, wakati ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Mikoa ya baridi kama Arusha, Mbeya na Njombe, mwizi mkubwa ni hita ya bafuni. Inavuta kilowati 4 hadi 5. Kuoga kwa dakika 10 ni karibu uniti 0.75. Watu wanne kila siku ni uniti 90 kwa mwezi, kwa T1 shilingi 32,000. Paneli tatu na inverta ya kilowati 3 hazibebi hita hiyo. Tangi la kuchemshia maji kwa jua, au sufuria ya maji jikoni, linafanya kazi kubwa kuliko sola ya umeme.

Friji kuukuu yenye mpira wa mlango uliolegea nayo ibadilishwe mpira. Ukipunguza ukajikuta unatumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya na namba yako ya mita, uombe waangalie historia ya manunuzi yako na kukurudisha D1. Wakikubali, umemaliza safari bila kununua paneli hata moja.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya kurudi kwa pesa

Tuchukue nyumba ya T1 yenye uniti 140 kwa mwezi. Bei za vifaa hapa ni za mfano, weka zako.

Mfumo: paneli 3 za wati 550 (900,000), inverta ya haibridi, yaani inayopokea sola na TANESCO, ya kilowati 3 (900,000), fremu (200,000), nyaya, breka na kinga ya radi (300,000), ufundi (200,000). Jumla 2,500,000.

Uzalishaji: kilowati 1.65 mara saa 4.5 za jua kamili mara 0.75 (robo inapotea kwa joto, vumbi, nyaya na inverta) ni uniti 5.6 kwa siku. Dodoma na Singida weka saa 5.5 badala ya 4.5.

Si zote utazitumia. Ukipanga vizuri mchana utatumia 2.8, nusu yake. Hizo ni uniti 84 kwa mwezi. Zinabaki 56 za TANESCO. Ongeza kitu ambacho muuzaji hatakutajia: inverta yenyewe inakula wati 30 hadi 40 hata ikiwa haina kazi, na usiku inazila kutoka TANESCO, uniti 12 hivi kwa mwezi. Zinakuwa 68.

Bili ya zamani: 140 × 356 = 49,840.

Ukibaki T1: 68 × 356 = 24,208. Unaokoa 25,632 kwa mwezi. Pesa inarudi kwa miezi 98, miaka 8 na kidogo.

Ukirudishwa D1 kwa sababu sasa uko chini ya 75: 68 × 122 = 8,296. Unaokoa 41,544. Pesa inarudi kwa miezi 60, miaka 5.

Unaona ujanja ulipo. Kazi kubwa ya sola ndogo kwa nyumba ya namna hii ni kukushusha chini ya uniti 75. Uniti zenyewe inazozalisha ni faida ya pili. Ndiyo maana nyumba inayotumia uniti 300 haifaidiki kiasi hicho kwa mfumo huu: hata ikiondoa 84, bado iko juu. Lakini kurudishwa D1 ni uamuzi wa TANESCO, si haki unayoidai dirishani, kwa hiyo fanya hesabu zote mbili na ukubali mradi ikiwa hata ile mbaya unaweza kuimeza.

Sasa weka akiba ya inverta. Paneli hushuka kama nusu asilimia kwa mwaka na hukaa miaka 25, ila inverta za bei hii zipe miaka 8. Gawanya 900,000 kwa miezi 96: tenga 9,375 kila mwezi. Ukizitoa, njia ya D1 inakuwa miaka 6 na nusu, na njia ya T1 inakuwa karibu miaka 13. Aliyestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 atakuwa na 73. Hapo amua mwenyewe.

Linganisha pia na pesa hiyohiyo kukaa mahali pengine. Milioni 2.5 kwenye hati fungani ikikupa, tuseme, asilimia 10, ni 250,000 kwa mwaka na mtaji bado upo. Sola ya njia ya D1 inakuokolea karibu 498,000 kwa mwaka, inaishinda. Ya njia ya T1 ni 307,000 kabla ya akiba ya inverta, na mtaji umekwisha kuwa vioo juu ya bati. Mimi nisingefunga kwa hesabu hiyo ya pili.

Na kama pesa ni ya mkopo wa wastaafu: rejesho la mwezi likizidi unachookoa kwa mwezi, achana nao. Pensheni itabeba tofauti hiyo kila mwezi hadi mkopo uishe.

Hatua ya 6: Kagua vifaa kabla ya kulipa

Paneli. Pima kwa futi, usisome lebo peke yake. Paneli nzuri hutoa wati 210 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana 1.13, uzito kilo 27 au 28. Ukioneshwa "550" yenye ukubwa wa meza ya kahawa, lebo inasema uongo.

Inverta. Uliza mambo manne, na uyaone kwenye kitabu chake, si mdomoni:

- Inafanya kazi bila betri? Baadhi haziwaki kabisa bila betri.
- Inaweza kuchanganya sola na TANESCO kwa wakati mmoja? Isiyoweza, wingu likipita inahamisha mzigo wote TANESCO na sola inakaa bure.
- Volti za paneli zinaanzia ngapi? Paneli 3 kwa msururu hutoa volti 115 hadi 125 zikiwa na mzigo juani. Inverta inayoanzia 120 itawaka asubuhi na kuzima mchana paneli zikipata moto. Tafuta inayoanzia 60 au 90.
- Kikomo cha juu ni kipi? Hesabu volti 50 kwa kila paneli. Paneli 3 ni 150. Ukifunga kwenye inverta yenye kikomo cha 145, inaweza kuungua siku ya kwanza yenye ubaridi na jua kali, na waranti haikuhusu.

Breka. Upande wa paneli lazima iwe breka ya DC (umeme wa paneli na betri), ampea 20 kwa mfumo huu. Breka ya kawaida ya AC (umeme wa TANESCO) ikikata umeme wa DC cheche haizimiki, na boksi linashika moto. Kosa hili la kuokoa elfu kumi ni la kila siku.

Hatua ya 7: Amua kuhusu betri, ukiwa na kichwa baridi

Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina uniti 5.1, unazotumia vizuri kama 4.5. Tuseme 3,000,000. Kwenye mfano wetu wa D1 imebaki bili ya 8,296 tu. Hata betri ikiifuta yote, itajilipa kwa miaka 30. Yenyewe hukaa 10 hadi 15. Kwa pesa, hesabu imekataa.

Tena tangu Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lianze kuzalisha, mgawo wa umeme si ule wa zamani. Kukatika kunakobaki mara nyingi ni kwa nguzo, transfoma na mvua.

Sababu ya kweli ya betri ni afya na utulivu: insulini kwenye friji, mashine ya kupumulia, mtu mwenye macho hafifu anayeamka usiku. Kwa hayo nunua ndogo. Betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, ina uniti 1.28. Taa tano za wati 9, televisheni ya wati 50 na king'amuzi ni wati 110: unapata kama saa 8. Friji ikiwemo, inverta iwe ya kilowati 1 au zaidi, kwa kuwa kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zake. Betri ndogo hiyo iandike kwenye matumizi ya nyumba, usiihesabu kama uwekezaji.

Betri za jeli za volti 12, ampea-saa 200, zinaonekana nafuu. Zina uniti 2.4, lakini ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara zinakufa ndani ya miaka 2 au 3. Kwa hiyo umenunua uniti 1.2.

Hatua ya 8: Simamia ufungaji

Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA na uione. Kishoka atakufungia kwa nusu bei na hapatikani siku ya hitilafu.

Fremu ishikwe kwenye kenchi, si kwenye bati tupu, na kila tundu liwe na mpira. Acha sentimita 10 chini ya paneli hewa ipite. Tuko kusini mwa ikweta, hivyo paneli zitazame kaskazini kwa mwinamo wa digrii 10 hadi 15. Chini ya hapo mvua haisafishi vumbi. Paa linalotazama mashariki au magharibi lina hasara ndogo, usijenge fremu ya gharama kwa ajili hiyo. Kivuli ndicho adui: tawi moja la mwembe au tangi la maji juu ya mnara linaweza kuangusha msururu wote. Kumbuka Juni jua liko kaskazini na Desemba kusini, kwa hiyo kivuli cha leo si cha miezi sita ijayo.

Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na kote pwani: fremu ya alumini na bolti zisizoshika kutu. Chuma kilichopakwa rangi kinaliwa na chumvi.

Waya wa sola wa milimita 4 za mraba kwa upande wa paneli, kinga ya radi pande zote mbili, fimbo ya ardhi ya mita 1.2 au zaidi. Omba chenji ova, ili inverta ikifa nyumba irudi TANESCO kwa kugeuza mkono, bila kumsubiri fundi. Swichi hiyohiyo hukuwezesha kuizima inverta usiku na kuokoa zile uniti 12. Pampu kubwa na hita visipite kwenye inverta.

Jambo la mwisho la ufungaji, na usimruhusu fundi kuondoka kabla ya kulithibitisha: inverta iwekwe isirudishe umeme TANESCO. Mita nyingi za LUKU hazitofautishi umeme unaoingia na unaotoka. Ama zinakukata uniti kwa umeme uliozalisha mwenyewe, ama zinajifunga.

Matatizo na dawa zake

*Jua kali, inverta inaonyesha wati 0.* Angalia breka ya DC, kisha viunganishi vya nyaya za paneli (MC4): mara nyingi kimoja hakikubanwa hadi kikalia. Kama inawaka asubuhi na kuzima saa 6, ni volti ndogo. Rudi hatua ya 6.

*Uniti zinaisha kama zamani.* Mpangilio wa kipaumbele umebaki TANESCO kwanza. Kwenye inverta nyingi za bei ya kati tafuta SUB, yaani sola kwanza, kisha TANESCO. Ukikuta USB, ndilo tatizo.

*Umeme wa TANESCO ukikatika mchana nyumba nayo inazima, au taa zinacheza.* Bila betri ndivyo ilivyo. Wingu dogo likipita inverta haina pa kushika. Zima vifaa vizito, la sivyo subiri.

*Breka ya kukinga watu wasipigwe na umeme (RCD) inaruka ovyo tangu sola ifungwe.* Karibu kila mara fundi amechanganya nyutro: nyutro ya inverta imeunganishwa na ya saketi zilizobaki TANESCO. Zitenganishwe.

*Uzalishaji umeshuka.* Vumbi kwanza, kisha kivuli kipya. Usipande paani, kwa umri huu kuanguka kunagharimu kuliko sola yote. Tumia mpira wa maji kutoka chini au mlipe kijana, na iwe alfajiri: maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Masika uzalishaji hushuka hata paneli zikiwa safi.

*Mwezi mmoja umevuka uniti 75.* Wageni wa sikukuu hufanya hivyo. Zilizozidi utalipia 427 kila moja. Ikijirudia miezi mfululizo, TANESCO wanaweza kukurudisha T1, kwa hiyo soma mita kila tarehe 20 na uone umebakiwa na uniti ngapi za kufikia mwisho wa mwezi.